Mafurushi Yaliyopelekwa Mtoni

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko. Leo msinitafutie uchangamfu, sina. Jana tulikuwa mjini Wai, kwenye ngazi za mto Krishna, tukimfanyia Mwalimu Ponkshe shughuli ya siku ya kumi ya msiba. Nimerudi miguu inauma na moyo umechoka. Kaeni nami kidogo, tumzungumzie mzee wetu.

Jina lake kamili Bhalchandra Ponkshe. Alikuwa mwanahistoria. Si wale wa jukwaani na shada shingoni, la. Huyu alikuwa wa kukaa sakafuni na kusoma karatasi za watu. Karatasi za hati ya Modi, ule mwandiko wetu wa kale ulioshikana neno kwa neno. Leo hata wajukuu wa walioziandika hawawezi kuzisoma. Yeye aliweza. Maisha yake yote aliifanya kazi hiyo moja: kubisha hodi kwa watu na kuomba kusoma karatasi zao.

Na kuomba huko, jamani, kulimzeesha. Tunajijua wenyewe. Karatasi za mababu tunazifunga kwa kitambaa chekundu, tunaziweka darini. Kila sikukuu ya Dasara tunazishusha, tunazipaka manjano na unga mwekundu, tunazisujudia, tunazirudisha. Kuzifungua, hapana; anayeomba tunamwambia arudi baada ya Dasara. Anayezifungua ni mchwa.

Nyumba aliyoitamani kuliko zote ilikuwa ya akina Khatavkar, ng'ambo ya mto. Mafurushi yalijaa dari nzima. Ndani ya karatasi zile hamkuwa na wafalme. Mlikuwa na wajane waliodai mashamba yao, ugomvi wa zamu za maji, mfinyanzi aliyemshtaki mkwewe. "Wafalme wana wa kuwasemea," alizoea kuniambia. "Mfinyanzi ana nani?" Alitaka kuandika kitabu kimoja tu, cha watu wa kawaida wa bonde lile. Hicho ndicho alichoishi kwa ajili yake.

Mwenye nyumba alikuwa Bi Yamuna Khatavkar, mjane, ulimi wembe. Kila akimwona mlangoni alimpokea hivi:

"Wewe tena? Kwenu hakuna watu?"

"Wapo, bibi. Karatasi ndizo hazipo."

"Basi kunywa chai uende zako. Dari yangu si soko."

Miaka ikapita hivyo, chai na kufukuzwa. Siku moja mwalimu akamwambia, "Bibi, zile si karatasi. Wazee wako wapo mle, wapo hai, wanaongea. Niache niwasikilize." Bi Yamuna akafuta macho kwa ncha ya sari. Kisha akamwita mwanawe, Murlidhar, alete ngazi.

Ikawa furaha ya wawili hao. Mwalimu anasoma, bibi yuko kando anakata popoo. "Haya, leo nani kasema?" Akisomewa habari za yule mkwe wa mfinyanzi, bibi alitukana mpaka jirani wanasikia. "Mshenzi huyo! Angekuwa hai ningemfuata na ufagio!"

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye donge. Mwalimu alikuwa na mtindo wake wa kazi. Kwanza alisoma zote, akazipanga kwa miaka. Kunakili kulikuja mwisho. Mkewe, Bi Kamal, alimpigia kelele: "Nakili huku unasoma, mume wangu! Binadamu ni leo tu!" Naye akajibu, "Ukinakili kabla hujajua yote yaliyomo, unanakili ujinga wako." Narudia, wapendwa. Alikuwa amekaribia kuyasoma mafurushi yote. Kunakili, karibu hakuna.

Akaenda Pune kupasuliwa macho. Akiwa huko, Bi Yamuna akafariki.

Aliporudi alikwenda moja kwa moja kutoa pole, kitambaa cha hospitali bado jichoni. Murlidhar akampokea kwa mikono miwili. "Mwalimu, mama aliacha wosia. Alisema, mwalimu kaniambia wazee wangu wapo hai, basi msiwaachie mchwa, niende nao. Siku ya kupeleka majivu yake tukawapeleka na wao mtoni, furushi kwa furushi, kwa maua, makuhani wakisoma sala zao, heshima kamili."

"Yote?" mwalimu akauliza.

"Yote, mwalimu. Hatukubakisha hata mzee mmoja."

Mwalimu akakaa kwenye kizingiti. Akasema, "Umefanya vyema kumtii mama yako." Akanywa chai aliyopewa. Bi Kamal ananiambia alirudi nyumbani akageukia ukuta, na mkate wake wa mtama ukakauka kwenye sahani.

Marafiki wakamsihi aandike anavyokumbuka. Kichwa chake kilikuwa kizima, alikumbuka hata majina ya ng'ombe. Mimi pia nilimsihi, hapa hapa studio. "Nani atakubishia, mwalimu?" Akanitazama kwa uchovu mpaka nikaona haya. "Ndiyo maana siandiki," akasema. "Hakuna atakayeweza kunibishia. Neno nisiloweza kulionyesha si historia, ni umbea." Kitabu kile hakikuandikwa, wapendwa. Hakikuandikwa.

Lakini hakuacha kubisha hodi. Alibadili maneno tu. Milangoni mwa watu akawa anasema, "Mama, ni takataka hizo. Makaratasi ya kale, hakuna babu mle. Nipe mimi nikupunguzie uchafu." Yeye, aliyewapenda wale wazee kuliko wajukuu wao! Na watu walimpa. Hayo ndiyo mafurushi yaliyopona, na alinakili huku akisoma. "Akirudi," anasema Bi Kamal, "alisukutua mdomo kama mtu aliyetukana wazazi wake."

Amefariki nyumbani, baada ya chakula cha mchana, usingizini.

Basi jana tukaweka matonge ya wali, tukamngoja kunguru. Kunguru asipogusa, marehemu ana neno moyoni. Kunguru alikuwepo, ukutani, anageuza shingo tu. Jua likapanda. Tukaanza kuahidi. Mpwa wake akasema tutamtunza Bi Kamal. Kunguru kimya. Murlidhar, naye sasa ni mzee wa mvi, akaingia majini mpaka magotini, analia: "Mwalimu, naapa! Nitazunguka nyumba kwa nyumba, wazee waliobaki darini nitawaokoa!"

Kunguru hakusogea.

Bi Kamal alikuwa amekaa kwenye ngazi, amechoka. "Mwache, Murlidhar," akasema. "Mume wangu hakupokea neno la mdomo hata siku moja. Kalete karatasi."

Watu wakacheka. Mwishowe kuhani akasokota kunguru wa majani, kama inavyofanywa kunguru akigoma, akamgusisha tonge, tukaondoka.

Bi Kamal, na ukoo wote wa Ponkshe, poleni sana. Sisi wa redio hii tunalia nanyi. Nanyi wasikilizaji, jiulizeni kilichoko darini kwenu, na mara ya mwisho kitambaa kile kilifunguliwa lini.

Murlidhar hajarudi kwake tangu jana. Mkewe amepiga simu hapa asubuhi, anasema yuko vijiji vya juu, anabisha hodi, nguo hata hazijakauka. Akifika kwenu, msimwambie arudi baada ya Dasara.