Kadi Ishirini za Bi Taratibu

Mgeni rasmi uliye nahodha wa klabu yetu ya gofu, wanachama wote, na wewe Bi Taratibu uliyejificha nyuma wakati kiti chako kiko mbele:

KARIBU BANDANI

Sisi makedi, wabeba mifuko ya wachezaji, tunakukaribisha, mgeni rasmi, kwa moyo mweupe. Viti vimefutwa. Kile kinachoyumba amekikalia mwenyekiti wetu.

TULIKOTOKA

Miaka mingi tulibeba tu. Mwaka huu mkaturuhusu kushindana nanyi, kila mtu na handikapu yake, yaani mikwaju anayopunguziwa ili fundi na anayejifunza wakutane sawa. Kedi mwenzetu Bi Taratibu, ambaye hukagua mpira kama anayechagua nyanya, alipiga mikwaju 93. Toa 24, ikabaki 69. Wewe, mgeni rasmi, ulipiga 80. Toa 10, ikabaki 70. Na kwenye gofu, mwenye mikwaju michache ndiye mshindi.

YALIYOTUSIBU

Lo, maneno yakazuka! Ulisema, mgeni rasmi, na hatujasahau: "Huyu mama huharibu michezo ya kawaida makusudi ili apewe mikwaju ya bure." Akavuliwa beji ya kazi. Siku kumi na mbili aliaga nyumbani kama anayekwenda kazini, akasimama nje ya geti mpaka jioni, maana wanawe hakuwaambia. Tuliumia sana.

TUNAYOJIVUNIA

Ndipo ukaja mwenyewe, ukaketi sakafuni, ukamwaga kadi zake ishirini za mwisho, zile za kuandikia mikwaju, kutoka kwenye kopo la biskuti. Ukachagua nane zilizo bora utafute wastani wa mikwaju iliyozidi kiwango cha uwanja, kama kanuni inavyotaka, kwa sababu mtu hapimwi kwa siku zake mbaya, wala kwa siku moja ya bahati. Ukapiga hesabu, ukarudia. Mara ya tatu ukavua kofia: "Ni ishirini na nne. Mama, nisamehe."

Banda zima tulishusha pumzi. Wengine tulilia, tusidanganyane. Yeye akajibu, "Yamekwisha, mwanangu. Ila ile mara ya kwanza ulisahau kugawa kwa nane."

TUNAYOOMBA

Kadi zetu zikae kabatini ofisini, pamoja na zenu. Panya ameshaonja mbili. Bahati tu hazikuwa za Bi Taratibu. Na mtu akituhumiwa tena, kadi zihesabiwe kwanza, beji ingali shingoni.

La mwisho ni dogo. Kombe liko mezani mbele yako. Tunajua lilikukosa kwa mkwaju mmoja. Lishike kwa mikono miwili, litazame ukipenda, kisha mpe mwenyewe.

Mungu akujalie afya na familia yako, na mipira yako isipende maji.

Ni sisi,
Makedi wa Banda la Nyuma