Turoni Iliyomchelewesha Papa Ibrahim

Leo, tarehe 31 Januari 2026, Papa Ibrahim Asani anavua tabliye yake ya kupikia baada ya miaka thelathini na saba jikoni mwa materinite yetu, nyumba ya kuzalia hapa Kasongo. Karatasi za biro ya kazi zilisema thelathini na mitano. Ile miwili ya juu ni ya turoni, na nimeombwa niieleze vizuri ili wageni wa leo wasidhani kwamba mzee aliing'ang'ania kazi.

Papa Ibrahim alizaliwa Wamaza, teritware ya Kabambare. Aliingia kazini Februari 1989, kijana mwembamba aliyeletwa kupasua kuni. Kuni alizipasua wiki mbili tu. Wiki ya tatu mpishi aliugua, Masera Remedios, mtawa aliyekuwa mkubwa wa jiko, akamwambia apike maharagwe, na wagonjwa wakaomba kuongezewa. Hakurudi tena kwenye kuni. Tangu hapo amepika bukari, yaani ugali, sombe ya majani ya muhogo, samaki wa Nyangwe na uji wa mama waliojifungua, na hakuna anayekumbuka siku uji wake ulipochelewa. Mimi mwenyewe nimezalia hapa. Bakuli lilifika mkononi mwangu kabla sijamaliza kuuliza kama mtoto ni wa kike au wa kiume.

Kwa wageni wasioijua: turoni ni tamutamu ya Noeli ya kwao Masera Remedios, Hispania. Kule wanaipika kwa asali, sukari, ute wa mayai na lozi. Lozi hapa hatuna, kwa hiyo Masera alionja karanga za Wamaza, akatafuna, kisha akasema kwao wasisikie, ila hizi ni tamu zaidi. Asali ilitoka msituni Kabambare. Ute unapigwa mpaka usimame kama povu la sabuni, unatiwa ndani ya asali na sukari ya moto, halafu unakoroga. Unakoroga zaidi ya saa nzima kwa moto mdogo wa makaa, na husimami. Ukisimama, inashika chini. Ukiharakisha moto, inaungua. Ukiitoa mapema, unapata gundi. Ikiiva unatia karanga, unaimwaga kwenye kibao katikati ya karatasi nyembamba za unga, zile ambazo masera wanakatia hostia za misa, unaigandamiza kwa jiwe na kuiacha ipoe.

Karatasi hizo zilileta kesi moja. Abbé Nathanaël, padri wetu, akiwa bado mgeni kabisa hapa, alipita jikoni kuomba maji ya kunywa, akamkuta Papa Ibrahim anapanga vitu vyeupe kama hostia chini ya kibao, huku akiimba. Abbé alishika mlango.

"Papa, unafanya nini na Mwili wa Bwana?"

"Abbé, huu ni unga na maji tu. Wewe njo unajua kuubariki, mimi ninajua kuupakia asali."

Abbé alikunywa maji yake. Toka siku hiyo kila Desemba anapita tena kuomba maji, hata akiwa hana kiu.

Papa Ibrahim ni Mwislamu, na hapa kwetu hakuna aliyewahi kuliona hilo kuwa ajabu. Ni mwaka 1998 tu lilipoleta kazi, kwa sababu Noeli iliangukia ndani ya Ramadhani. Mpishi anafunga, sufuria iko motoni, nani ataonja? Masera alijitolea kuonja kwa niaba yake, lakini alionja sana, na kila mara alisema bado, ngoja nihakikishe. Papa Ibrahim akaona turoni itaisha kabla ya kuiva. Akachota tone, akalidondosha kwenye maji baridi, akalivunja karibu na sikio. Lilisema "ka!" Akaiamini ile sauti, akaimwaga, na ikawa nzuri kuliko ya miaka yote. Toka hapo hakuonja tena kabla ya kumwaga, hata mwaka usio na mfungo. Anasikiliza. Ikilia "ka!" kama kijiti kikavu, iko sawa. Ikinyamaza na kujipinda, ni ya kurudisha motoni.

Masera Remedios alirudi kwao mwaka 2011, miguu imechoka. Akiwa tayari kupanda gari, aliomba jambo moja: mama yeyote atakayezaa hapa siku za Noeli asikose kipande chake. Papa Ibrahim alijibu, "Hatakosa, Masera." Na mnamjua: neno likishamtoka, amelibeba.

Ndiyo maana Januari 2024 ilipokaribia, alikwenda kwa direktrise wetu, Mama Emilienne, akamwambia yuko tayari kuondoka, ila kwanza apatikane mtu ambaye turoni yake inalia. Bibi yake wa ndoa, Mama Rachida, alikuwa ametangulia Wamaza tangu Novemba na vyombo vyote, kitanda kikiwemo. Mzee alibaki na mkeka na sufuria moja. Ilikuwa ya majuma machache tu, walisema.

Noeli hiyo alijaribiwa Gédéon, msaidizi wa jiko. Gédéon ana mikono yenye nguvu, lakini ana simu. Iliita, akaipokea, akasema "niko kazini" kwa dakika sita. Turoni ilishika chini ya sufuria na ikabaki huko mpaka Pasaka. Papa Ibrahim akapika nyingine mwenyewe na akabaki. Mwaka uliofuata Gédéon alirudi bila simu, sharti tumsifu kwa hilo, lakini aliogopa kuunguza, akaitoa mapema. Tuliikata kwa kisu, tukala kwa kijiko, na Abbé Nathanaël alitembea hatua tatu na kiti kimemshika kanzu. Papa Ibrahim akabaki tena.

Wakati huo wote Mama Rachida alikuwa akituma maneno na kila mwenye pikipiki aliyetoka Wamaza: "Mwambieni huyo mzee nyumba nimeezeka, karanga nimevuna, kitanda kinanizidi ukubwa. Niliolewa na mutu ao na sufuria?" Wenye pikipiki waliyafikisha kwa sauti kubwa, mbele ya wagonjwa.

Mwaka jana Mama Emilienne aliamua. Goti la mzee lilikuwa limeanza kumsumbua. Alisema Januari hii mzee anaondoka, iwe iwavyo, na turoni ikishindikana tutanunua biskuti. Papa Ibrahim hakubisha. Alikaa tu kwenye kiti cha jiko akitazama mikono yake. Hapo ndipo wote tulielewa kwamba angeondoka, lakini angeondoka na neno lake likiwa limevunjika, na Wamaza angefika mtu nusu.

Nilijitolea mimi. Sina ufundi, ninafua mashuka ya hapa. Lakini nina mwanangu Malaika, wa miezi minane, aliyekuwa anaota meno, ambaye mgongoni ananyamaza nikiwa ninatikisika tu. Nikisimama, analia. Mwezi mzima nilikuwa nafua, nafagia na kula nikitikisika. Nikajiambia, kama ni kutosimama, hiyo kazi ninaijua.

Tarehe 22 Desemba tulianza baada ya chai. Papa Ibrahim aliwekwa kwenye kiti, akakatazwa kugusa kitu. Dakika ya ishirini akainuka: "Mama Malaika, moto uko..."

"Papa, kaa. Moto ninauona."

"Lakini upande wa kushoto..."

"Papa. Kaa."

Akakaa. Nilikoroga saa moja na dakika ishirini. Kila mkono ulipolegea, Malaika alinguruma mgongoni, nami nikaendelea. Papa Ibrahim aliniambia baadaye kwamba katika miaka yote hiyo hajawahi kuona msimamizi mkali kuliko yule. Tone la kwenye maji baridi nilimpa asikilize. Alilivunja, akasema "mwaga".

Lakini tone si kibao kizima. Asubuhi ya tarehe 24 jiko lilijaa: Mama Emilienne, Gédéon, wauguzi, hata Abbé, ambaye safari hii hakutaja maji. Papa Ibrahim alimwomba Gédéon simu, akampigia Mama Rachida, aliyekuwa amepanda kilima cha Wamaza kutafuta rezo kwa sababu aliambiwa siku na saa. Simu ikawekwa mezani. Mzee akanipa kibao, akafumba macho.

Nikavunja kwenye kona ya meza. Ka!

"Tena," akasema. Ka!

"Tena." Ka!

Kutoka kwenye simu ikasikika sauti ya mama: "Ibrahim, hiyo nimeisikia mpaka huku. Unangoja nini?" Halafu vigelegele, mpaka rezo ikakatika. Noeli hiyo walizaa mama kumi na mmoja, Wakristo na Waislamu, na kila mmoja alipata kipande chake.

Papa Ibrahim, tunakushukuru. Asante kwa uji uliotukuta tumechoka. Asante kwa kutufundisha kwamba mtu anaweza kupika sikukuu ya jirani kwa moyo wote na kubaki yeye. Asante kwa kukaa kwenye kile kiti siku ile, najua ilikuuma kuliko goti. Mama Rachida, samahani kwa miaka miwili. Tunamrudisha akiwa mzima, ila usimruhusu kugusa moto wako, atakusumbua.

Tunawaombea afya, mvua ya kutosha kwenye karanga na usingizi mrefu kwenye kitanda kile. Na Desemba usije kukagua, Papa. Njoo kama mgeni: ukae, unyooshe goti, uletewe kipande kwenye sahani.

Estelle, mama Malaika
Chumba cha kufulia