Ndoo Tatu za Mzee Funga

Marehemu baba yetu, fundi bomba, alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, mtoto wa tano kati ya saba. Jina la Mzee Funga alipewa msikitini, maana akikukuta unatawadha na bomba liko wazi, hakuwa na dogo: "Funga maji, sheikh! Hata mtoni tumekatazwa israfu."

Alisoma madrasa na shule ya msingi, akamaliza darasa la saba mwaka 1966. Mwaka uliofuata alianza kujifunza ufundi kwa mjomba wake.

Mwaka 1976 alimwoa mama yetu. Mama husema mchumba alipokuja kujitambulisha, alipitia kwanza jikoni kukaza bomba. "Nikajua, hapa mabomba ndiyo bi mkubwa, mimi wa pili."

Agosti 2015 misikiti yetu ilimtuma ng'ambo, kwenye mkutano wa wanazuoni wa Kiislamu walioandika waraka kwa mataifa yote kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Alipewa dakika tano za kuzungumza. Zamu yake ikaitwa, hayupo. Alikuwa msalani, anaziba bomba linalovuja. Alirudi mikono ya kanzu imelowa, imebaki dakika moja.

"Mabwana, siku ya pili hii tunaandika kwamba dunia ni amana. Sawa. Na bomba la hapo nje tumemwachia nani?"

Walicheka, kisha wakaongeza kifungu: kila msikiti upime maji yake kwanza, ndipo uyaambie mataifa makubwa yapunguze moshi. Kifungu hicho alikibandika juu ya sinki la nyumbani, nasi tulikikariri kwa lazima.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Daktari alipompimia maji ya kunywa, alifurahi: "Hapo tumeelewana." Alifariki nyumbani jana, Alhamisi tarehe 12 Juni 2025, alfajiri. Ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu tisa. Tulimpenda sana, hata alipotukera.

Aliacha wosia aoshwe kwa ndoo tatu tu, mpira wa maji usifunguliwe. Kaka yetu mkubwa aligoma. "Watu watasema tumembania baba maji hata siku ya mwisho!"

Mama akamjibu, "Wosia ni wake, aibu ni yako. Chagua."

Leo asubuhi kaka aliingia, akamwosha baba kwa mikono yake. Alitoka analia, ameshika ndoo ya tatu. Ilikuwa imebaki nusu.

Mola akurehemu, baba. Pumzika kwa amani. Maji tumefunga.