Historia ya Yaw Dwumfour, Aliyekataa Ukurasa Udanganye

Familia ya Dwumfour wa Bekwai inawasalimu nyote mliovaa nyeusi na nyekundu za msiba, hata wale ambao tungefurahi kama wasingekuja, na anayewasomea ni Adwoa Serwaah, dada mkubwa wa marehemu, ambaye wajomba wamemwomba asome polepole na azuie hasira; kusoma polepole ataweza.

Marehemu Yaw Dwumfour alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 12 Juni 1986, hapa Bekwai, mtoto wa nne wa Mzee Kwame Dwumfour, mpimaji wa kakao, na Mama Yaa Frema, muuza kenkey ya unga wa mahindi. Alisoma shule ya msingi na sekondari hapa hapa, akahitimu shahada ya kompyuta Kumasi mwaka 2010, na tarehe 1 Septemba 2011 akaajiriwa na kampuni ya Nkwantabisa, watengenezaji wa tovuti. Tarehe 20 Desemba 2014 alimwoa Afua Pokuaa, vinywaji vya posa vikapokelewa na wazee wa pande zote, wakajaliwa watoto wawili, Nhyira na Ohemaa.

Kijitabu cha mazishi mlichogawiwa kilichapishwa na kampuni, nacho kinaruka kutoka kwenye ndoa moja kwa moja hadi ugonjwa, kwa hiyo msihangaike kufunua kurasa, sikilizeni tu.

Kampuni ilitengeneza tovuti ya maombi ya vyuo vya uuguzi, ile ambayo ukurasa hubadilika wenyewe unapojaza, kwa sababu ndani yake kuna programu ndogo inayokimbia kupeleka majibu yako. Mtandao ukikatika katikati, programu hiyo hufa njiani, na mkurugenzi, Bwana Gyimah-Larbi, aliagiza kwamba kosa lolote limezwe kimya na mwombaji aonyeshwe alama ya kijani kwamba ombi limepokelewa, ili tovuti ionekane haina dosari. Mabinti waliona kijani, wakamshukuru Mungu, wakalala, na majina yao hayakufika popote.

Yaw alilalamika ofisini mpaka wakamchoka, kisha tarehe 29 Mei 2023, kabla ya maombi kufungwa, akaibadilisha tovuti bila ruhusa, ikawa programu ikianguka, ukurasa unatunza kila alichoandika mtu na kumwambia kwa maneno ya kawaida: ombi lako halijafika, si kosa lako, ulichoandika kipo, jaribu tena au utupigie simu. Simu zilimiminika, mabinti wakatuma upya, wakapata nafasi. Mkurugenzi akamwita mbele ya wenzake akamwuliza, "Wewe bwana, unatutangaza kwamba tumeshindwa?" Yaw akamjibu, "Tumeshindwa, bosi. Mimi nimewaambia tu walioumia."

Alifukuzwa tarehe 2 Juni 2023, kwa barua iliyosema ameharibu tovuti, na barua hiyo ikamtangulia kila alikoomba kazi Kumasi na Accra, akafungiwa milango kama mwizi. Mkewe anasema aliacha kula hata fufu ya muhogo na ndizi, akawa anakaa sebuleni anaiangalia televisheni iliyozimwa. Alianguka tarehe 30 Januari 2024, akafariki hospitalini tarehe 9 Februari. Daktari aliandika shinikizo la damu, nasi hatubishani na daktari, ila tunamjua aliyelipandisha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, waliotuambia ukweli kila asubuhi hata ulipokuwa mchungu, majirani waliopika na kulala nasi, na wafanyakazi wenzake Esi na Kojo, walioambiwa na kampuni wasije na wakaja.

Bwana Gyimah-Larbi, wewe uliyeketi mstari wa mbele, familia haikushukuru wewe. Jana kwenye mkesha ulirudia kwa macho makavu kwamba ndugu yetu aliharibu tovuti, mama yake akiwa anakusikia. Hatutaki shada lako, tunataka sentensi moja mbele ya jeneza hili, kwamba hakuharibu kitu, na sasa tunanyamaza ili uiseme.

Haya. Waombolezaji, mnamwona anavyotazama viatu vyake badala ya kuisema.

Yaw, mdogo wetu, ulifukuzwa kwa kusema kweli, na leo kweli hiyo imesomwa mbele ya aliyekufukuza, naye hakuthubutu kuikanusha. Lala sasa, kwa amani waliyokunyima.