Bahasha Mbili za Buluu

Barua aliandika, bintiye kumtuliza,
Jibu halikusikika, hakuna wa kuuliza.

Pembeni mwa mtaa, pale karakana ya baiskeli inapopakana ukuta na duka la fotokopi, lipo benchi ambalo mguu wake mmoja si wa mbao bali ni bomba la fremu ya baiskeli. Aliyeuchomelea mguu huo ni Spana, fundi wa baiskeli, naye huketi upande huo kila jioni ili, ukivunjika, aanguke mwenyewe. Katikati hukaa Antena, fundi redio, mtu asiyeshindwa na swali lolote mpaka aulizwe mara ya pili. Upande wa pili hukaa Wino, mwenye duka la fotokopi, shati jeupe na kalamu mbili mfukoni. Shangazi, anayewauzia kahawa, hakai kamwe. Birika halimpi nafasi. Jioni hiyo Spana alikuwa ameinamia beseni la maji, tyubu ya mteja mikononi, akitafuta pancha. Mteja mwenyewe, mama mmoja aliyevaa koti la mvua, alisimama kando akisubiri. Simu ya Spana ilikuwa gotini, na kiooni paling'aa bahasha ndogo ya buluu ya Outlook, programu ya barua pepe, chini yake weupe mtupu.

— Bado? aliuliza Wino.

— Bado.

— Basi tukimaliza kahawa twende dukani, ukaandike ile ya mwisho.

Ile ya mwisho Spana alikuwa ameshaitunga kichwani, fupi kama risiti: *Mwanangu, nimeelewa. Sitakusumbua tena.* Binti yake wa pekee alikuwa ameolewa na mtu ambaye baba hakumtaka, na siku ya harusi Spana hakufunga karakana. Alishinda akinyoosha rimu ambazo hakuna aliyezihitaji. Binti akaenda na mumewe nchi ya mbali, namba ya simu ikabadilika, akaacha kwa mama yake mdogo anwani ya barua pepe tu. Spana alijijua kuwa mdomo wake ni mzito mahali pa wepesi na mwepesi mahali pa uzito. Akaamua kuandika, maana neno lililoandikwa unaweza kulilegeza na kulikaza upya kama spoki. Aliandika dukani kwa Wino, kidole kimoja kimoja, barua baada ya barua, akiomba radhi. Kisha kila asubuhi, kabla ya kuinua shata la karakana, aliifungua bahasha ya buluu kwenye simu yake.

— Mimi nasema ni hali ya hewa, alianza Antena. Barua inapanda juu, inagonga setilaiti, setilaiti inaishusha. Mawingu yakiwa mazito inabaki huko huko inazunguka.

— Mawingu gani ya miezi yote hiyo? aliuliza Shangazi. Juzi nilianika nguo zikakauka kabla sijaingia ndani.

— Mawingu ya huko aliko binti, Shangazi. Ya hapa hayahusiki.

— Antena, usimtie mwenzako wazimu, alisema Wino. Outlook ni Outlook. Ya kwenye kompyuta yangu ni Outlook, ya kwenye simu yake ni Outlook. Bahasha ile ile, buluu ile ile. Ni tangi moja lenye mabomba mawili. Fungua hapa, maji. Fungua pale, maji.

— Mbona bomba lake linatoa hewa?

— Kwa sababu hakuna kilichoingia tangini. Samahani, kaka, lakini ndiyo hali halisi.

Spana akaizungusha tyubu, akaizamisha sehemu nyingine. Alimwamini Wino kwa mambo ya kompyuta kama Wino alivyomwamini kwa breki.

— Moja? alisema Antena. Wewe unakaa na kompyuta kutwa hujui. Outlook ziko nne. Iko programu ya kwenye kompyuta. Iko ya kwenye mtandao. Iko iliyokuwa inaitwa Hotmail, wakaibadilisha jina. Halafu iko Outlook Express ya kompyuta za zamani, hiyo ilishastaafu.

— Ikapewa na pensheni? aliuliza Shangazi.

— Cheka tu. Mwaka juzi nimefungua kompyuta moja nzee, Express bado imo ndani, imekaa inangoja barua. Nani ajuaye, labda binti anaziandika zinakwenda kwa mstaafu.

— Na wewe zako zinaingia ipi?

— Mimi sinaga mambo ya email. Nina Gmail.

— Gmail si ndiyo email?

— Shangazi, wewe mimina kahawa. Zingekuwa kitu kimoja wangehangaika kufungua mbili?

— Haya, mimi sikusoma, alisema Shangazi, lakini hizo Outlook zenu naziona kama wake wenza. Mtu wa nje akipita anawaita wote mke wa fulani. Ukiingia ndani, kila mmoja ana jiko lake, na chungu cha huyu yule hakigusi.

— Hiyo ni fitina, alisema Wino. Kompyuta haina wivu.

— Wahenga walisema, alianza Antena.

— Waache wahenga wapumzike. Wamechoka kusingiziwa na wewe.

Antena akanywa funda moja, akasogea mbele kwenye benchi. Mtu akimwona hivyo hujua kwamba aliyoyasema mwanzo yalikuwa ya kupasha moto koo.

— Nisikilizeni. Siku hizi kuna mashine inasoma barua yako kabla ya mwenyewe kuisoma. Ikikuta mtu anajipendekeza mno, anasema samahani, samahani, kila mstari samahani, inamhesabu tapeli. Inamfungia mlango.

Spana alikuwa ameishika tyubu chini ya maji bila kuisogeza.

— Nililiandika mara nyingi, alisema. Hilo neno.

Shangazi akamwongezea kahawa bila kuulizwa, akajaza mpaka ukingoni. Antena akajikuna shingo. Alitaka kuifuta kauli yake, asijue aanzie wapi.

— Lakini mimi natia chumvi tu, ndugu yangu. Unanijua.

— Nakujua.

— Tuseme kweli, alisema Wino kwa upole. Mtoto akiumia, ameumia. Atarudi mwenyewe siku moja. Na jibu lingepita kwangu nisingekuambia? Kompyuta yangu ni safi kuliko sahani. Kila Ijumaa naifagia. Jina nisilolijua silifungui, nafuta moja kwa moja, maana virusi hupitia humo. Kwangu hukuti takataka.

Hapo vipovu vidogo vikapanda majini, vikafuatana kama shanga. Spana akaweka kidole juu ya tundu, akanyanyua tyubu, na mama mwenye koti la mvua akasogea kuangalia. Alipokwisha kuangalia hakurudi nyuma.

— Samahanini mafundi. Hayo ya bahasha mimi siyajui. Naomba kuuliza kitu.

— Uliza, mama, alisema Antena. Hapa ndipo mahali pake.

— Hizo barua alizoandikia dukani kwa huyu bwana, ziliondoka kwa anwani ya nani?

— Ya Spana, alisema Antena. Si ameweka jina lake chini.

— Chini nimeelewa. Nauliza juu.

Antena akatazama juu, kana kwamba jibu lingekuwa kwenye bati. Shangazi akamtazama Wino. Wino akakitua kikombe benchini taratibu.

— Juu huwa pamejijaza penyewe, alisema. Anwani ya duka.

— Kwa hiyo akijibu, anamjibu nani?

Spana alihisi maji yakimtiririka mkononi mpaka kwenye kiwiko, asiyafute.

— Wino, alisema. Binti yangu angetokea kwa jina la mumewe; anwani aliyoacha ni ya huyo bwana. Hujaliona?

— Kaka, jina la mkwe wako ningelijulia wapi? Hujawahi kulitamka hapa.

Hiyo ilikuwa kweli, na wote waliijua. Kwa Spana mtu yule alikuwa "huyo bwana", au "huyo aliyemchukua", au mguno. Sasa alilitamka jina hilo zima, la kwanza na la ukoo, na lilimtoka bila kumkwaruza kama alivyodhani.

Wino akafumba macho.

— Hilo nimelifuta, alisema. Zaidi ya mara moja.

Waliingia dukani wote pamoja, hata yule mama, aliyesema kwamba pancha ingengoja. Wino akafungua bahasha ya buluu ya kompyuta yake, akashuka hadi kwenye kasha la vilivyofutwa. Hapo ndipo ilipobainika kwamba yeye ni mfagiaji wa kupeleka taka nyuma ya mlango: kasha hilo hakuwahi kulimwaga. Jina la mkwe lilikuwamo, mstari chini ya mstari, barua zote zikiwa na herufi nzito kwa kutofunguliwa.

Wino akavuta kiti chake, kiti pekee cha dukani, akakifuta kwa kiganja.

— Kaa, kaka.

— Nina grisi.

— Kaa.

Spana akakaa. Ya kwanza ilianza: *Baba, nimeipata. Nimelia mpaka nimecheka.* Ya katikati iliuliza mbona hajibu. Ya karibuni zaidi ilisema: *Baba, kama umekasirika tena niambie tu, nitajua. Mjukuu wako ameanza kujivuta juu kwa mguu wa meza. Nilitaka wewe uwe wa kwanza kujua.*

Aliisoma hiyo mara mbili, mara ya pili kwa sauti. Shangazi akalitua birika juu ya mashine ya fotokopi na, kwa mara ya kwanza mbele ya macho yao, akakaa, juu ya rundo la rimu za karatasi. Antena aliteremka taratibu kwenye boksi tupu la wino. Mama wa koti la mvua alikuwa ameketi kizingitini.

— Nikuandikie? aliuliza Wino.

— Nitaandika mwenyewe.

— Mwambie ajibu kwenye anwani yako, ile ya simu.

— Nitamwambia. Ila akizoea huku, Ijumaa usifagie.

— Sifagii.

Spana akainua kidole chenye grisi, akakitafutisha herufi ya kwanza. Pale dukani kila mtu alikuwa amepata mahali pa kukaa. Aliyebaki amesimama ni Wino.