Hedley Tulip, Aliyeichelewesha Wansbeck Rose

Ijumaa hii, tarehe 29 Juni 1962, king'ora cha jioni kitamtoa Bwana Hedley Tulip kazini kwa mara ya mwisho. Amekitumikia kiwanda chetu cha meli hapa Hebburn miaka arobaini na minane, chini ya mameneja saba, akiwa na kofia moja.

Aliingia mwaka 1914 kama mwanagenzi. Siku ya kwanza mafundi walimtuma stoo akaombe matundu ya kujaza ndoo. Akarudi na ndoo tupu, akawaambia matundu yamo yote, wahesabu wenyewe. Hawakumtuma tena upuuzi. Kufikia 1936 alikuwa msimamizi.

Kazi tunayomkumbukia zaidi ni ya mwaka 1943. Nyambizi za Wajerumani zilikuwa zikizamisha meli zetu katikati ya Atlantiki, mahali ambapo ndege zilizoruka kutoka nchi kavu zilikuwa hazifiki. Ikaamuliwa meli za mafuta zijengewe uwanja wa ndege mgongoni huku zikiendelea kubeba mafuta tumboni. Sisi tukaletewa moja kati ya hizo, Wansbeck Rose. Hedley aliambiwa aondoe bomba la moshi na chumba cha nahodha, kisha ajenge sitaha ndefu, bapa kama meza.

"Na nyasi mnataka?" aliuliza.

Zilipobaki siku nne meli ijiunge na msafara wa meli za kuvuka Atlantiki, tulishuka ndani ya tangi la mafuta la saba kuchomelea nguzo za mwisho, watu arobaini na mmoja, nami nikiwamo. Hedley akachungulia, akanusa, akatuamuru sote tutoke. Ofisa wa jeshi la majini akaja mbio.

"Cheti cha mkemia kinasema tangi ni safi, Bwana Tulip."

"Pua yangu haijakisoma."

"Msafara hausubiri."

"Najua. Mdogo wangu Ned ni baharia katika msafara huo."

Mafundi walipofungua bomba nyuma ya tangi wakakuta petroli iliyosahaulika, na mvuke wake ulikuwa ukivuja taratibu mpaka tulipokuwa tumesimama. Kusafisha kulichukua siku sita. Msafara ukaondoka bila ndege.

Wiki tano Hedley hakutania mtu. Alikula mkate wake peke yake kando ya winchi. Habari zikaja kwamba meli mbili za msafara ule hazikufika, na hakuna aliyetaja majina. Kisha mchana mmoja Ned akatokea getini, begi begani.

"Kaka, nasikia wewe ndiye uliyetunyima ndege."

"Ni mimi."

"Ndani ya tangi mlikuwa na watu wangapi?"

"Arobaini na mmoja."

Ned akatua begi chini. "Basi ninunulie bia, yaishe."

Hedley alinunua mbili. Tulimwona akifuta macho, akasingizia moshi wa kiko. Lakini zile meli mbili, mpaka leo, hajawahi kusema hazimhusu.

Wansbeck Rose ilivuka Atlantiki mara tisa na ndege zake nne, na katika misafara hiyo haikuzama meli hata moja. Vita vilipokwisha ikarudishwa kwetu iondolewe sitaha. Hedley alinung'unika mwezi mzima kwamba hakuna mwanamume mwingine aliyelipwa kubomoa kazi yake nzuri kuliko zote.

Sasa anakwenda kwa njiwa wake, anaowafuga kwa mashindano ya mbio. Mkewe, Bi. Bella, ametuonya kwamba akianza kumsimamia jikoni, Jumatatu atamrudisha kwetu getini.

Bwana Tulip, nilipanda ngazi ya tangi siku ile nikikulaani, kwa kuwa nilikuwa ndiyo kwanza nimewasha mashine ya kuchomelea. Nimekaa miaka kumi na tisa bila kukuomba radhi. Pokea sasa, pamoja na shukrani za sisi sote. Tunakuombea siku ndefu, njiwa wepesi na miguu mikavu.

Nora Batey, Idara ya Uchomeleaji