Ekaale na Wimbo wa Maksai Uliokwenda Japani

Mchungaji, majirani wa Lodwar, na nyinyi mliotoka Kakuma na vumbi lote hilo, ejok, mimi ni Atiir, mdogo wake marehemu, nimepewa kazi hii kwa sababu kaka zetu wamekataa, wakisema maisha ya Ekaale hayasomeki bila kukasirika, na kweli hayasomeki.

Ekaale alizaliwa Namoruputh tarehe 14 Machi 1974, akasoma shule ya msingi hapa Lodwar kuanzia 1982 hadi 1989, akaingia sekondari akaishia kidato cha pili, si kwa kukosa akili bali kwa ubishi, maana alimsahihisha mwalimu wa muziki mbele ya darasa na akakataa kuomba radhi. Akarudi kuchunga, baba akampa Lokwang, maksai mweupe, naye akamtungia wimbo kama desturi ya mwanamume wa kwetu, wimbo wa maksai peke yake, ambao mke hatajwi ndani yake. Lokwang alikufa katika ukame wa mwaka 2000.

Wakati huo marehemu alikuwa dereva wa shirika moja kule Kakuma, na tarehe 6 Desemba 2003 akafunga ndoa na Mwalimu Sellah, aliyehamia huku kutoka Kakamega, wakajaliwa Ebenyo mwaka 2005 na Carol mwaka 2008.

Hapa ndipo alipotushinda. Mwaka 2010 alikuja shirikani Mjapani mpiga gitaa, Midori, akamwomba ule wimbo, naye akampa, bila kuuliza utafanywa nini. Midori akarudi kwao akauimba kwa Kijapani, akamtoa maksai akamweka mpenzi, kwa kuwa huko, alivyoandika, mtu akimwimbia ng'ombe atachekwa, ukavuma, na mwaka 2012 ukarudi Kakuma kwenye simu za vijana, pamoja na picha ya Midori na ndugu yetu wakicheka mbele ya gari, meno yote nje. Watu wakasema lisemwalo lipo. Sellah alipomuuliza, akajibu kwamba ni wimbo wa ng'ombe, akaendelea kula.

"Ng'ombe gani anaimbiwa Kijapani, Ekaale?"

Januari 2013 mwalimu akahamia Lodwar na watoto, kwa karatasi ni uhamisho wa kazi, na sisi ndugu tukawa wa kubeba sukari na majani ya chai kwenda kuomba msamaha kwa kosa ambalo mwenyewe hakulifanya na hakutaka kulieleza.

Mwaka 2021 akaenda studio ya Elyse, Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, akaurekodi upya wimbo wake, kwa Kiturkana, dakika kumi, nne za kwanza kengele ya ng'ombe na miluzi tupu. Elyse alimwambia, "Mzee, kata hii kengele, batu batachoka," hakusikia. Akautuma kwa ukoo mzima, akisema huo ndio wimbo wenyewe. Sellah alifika kwenye kengele akazima. Mimi nilizima kabla yake.

Agosti 2024 aliambiwa ana ugonjwa wa figo, akaficha hadi miguu ikavimba, akalazwa hapa Lodwar, na kwa miezi mitatu Sellah alimpikia na kumwogesha, wakizungumza habari za watoto tu, hadi alipofariki Jumanne tarehe 3 Juni 2025, saa nne asubuhi.

Jumatano, tukichagua wimbo wa leo, ndipo tulipousikiliza ule wake wa kengele hadi mwisho. Dakika ya tisa, akishamlilia Lokwang, anaimba kwamba hakutaka maksai mwingine, kwamba mahali pale alimweka Sellah, na anamtaja kwa jina mara saba, jambo ambalo sijasikia mwanamume wa Namoruputh akilifanya. Miaka minne, jamani, ulikuwa kwenye simu zetu! Ekaale, ungepungukiwa nini kuanza na jina la mkeo?

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuchotea maji, na madereva wenzake waliokuja na jeneza kutoka mochari. Kwaya ya vijana, asanteni kwa kujifunza ule wa Midori, lakini hautaimbwa. Mwalimu ameomba uchezwe wa mumewe, wote, na kengele zake, na mtu asiondoke.

Pumzika sasa, kaka, Sellah amesikia.